Mafurushi ya Fundi

Fundi hakuamini maboksi. Boksi, alikuwa akisema, ni karatasi inayojifanya mbao: likilowa linalegea, likibebwa vibaya linatoboka chini, na siri za nyumba yako zinamwagika barabarani mtaa mzima ukitazama. Kwa hiyo siku ya kuhama alitandika mashuka na mapazia ya zamani sakafuni, akarundika vitu katikati, akakunja pembe zikakutana juu, kisha akashona. Ndiyo, akashona. Sindano ya magunia, uzi wa nailoni mara mbili, fundo mwanzoni na fundo mwishoni. Kamba hufunguka, alisema, lakini mshono wake haujawahi kumwaibisha mtu, na wazazi wote aliowashonea watoto wao sare za shule wangeweza kushuhudia hilo.

Mumewe alikuwa mwoka mikate, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alipomwona mkewe anashona sufuria ndani ya blanketi, alimuuliza kama na yeye atashonwa au atapanda gari kama watu wengine. Fundi hakucheka. Siku zile hakuwa mtu wa kucheka. Tangu wapate nyumba mpya alikuwa akilala na kuamka na jambo moja tu rohoni, nalo ni kifua cha mtoto.

Mtoto mwenyewe walimwita Bi Mkubwa. Hakuwa ameanza hata darasa la kwanza, lakini mgeni akiingia humwuliza habari za nyumbani kwake, na kama watoto wake wanakula vizuri, na huku ameshika kiuno kama mtu aliyelea wajukuu. Ana maneno mengi na pumzi kidogo. Pumu ilimwanza alipokuwa bado anajifunza kutembea, na nyumba waliyokuwa wakiishi ilikuwa inaichochea. Vyumba viwili vya chini, vya uani, na ukuta wa nyuma unalia maji mwaka mzima. Ukungu mweusi ulichipuka nyuma ya kabati. Fundi akiusugua Jumamosi hii, Jumamosi ijayo umerudi na ndugu zake. Daktari wa kliniki hakumung'unya maneno. Alisema mtoto huyu akiendelea kulala pale, kuna siku dawa ya kuvuta haitafua dafu. Fundi alirudi nyumbani siku hiyo akawaambia wateja wake wasubiri, akaanza kutafuta nyumba kavu.

Dawa yenyewe ilikuwa na mahali pake. Fundi aliishonea kifuko chekundu cha maua kwa kipande kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, na kifuko hicho kilitundikwa kwenye msumari wa ukutani nyuma ya mlango wa mbele, upande wa kushoto, kimo cha bega la mtu mzima. Sheria ya nyumba ilikuwa fupi: mtoto akitoka, kifuko kinatoka naye, mtoto akirudi, kifuko kinarudi msumarini. Baba alikuwa anaondoka kwenda kwenye tanuri watu wengine wakiwa bado wanakoroma, anarudi mchana. Mama naye ana vitambaa vya watu hadi kichwani. Walikuwa wanapokezana mtoto mlangoni kama watu wanaopokezana ndoo ya maji kisimani, hakuna muda wa maelezo. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe nyuma ya mlango. Mtoto akibanwa kifua, hakuna aliyeuliza dawa iko wapi.

Sasa, kwenye shughuli hii ya kuhama kulikuwa na mtu wa nne, naye ni wifi yake Fundi, mdogo wa mumewe. Msusi. Aliomba ruhusa saluni aje kusaidia, na alisaidia kweli. Anabeba, anakunja, anapanga, hachoki. Wifi hakuwa na ubaya wowote. Kosa lake machoni pa Fundi lilikuwa moja tu: ana neno juu ya kila kitu. Kabati lilale hivi, glasi zifungwe na taulo, wifi hebu kwanza, wifi samahani, wifi mimi naona. Labda ndivyo wasusi walivyo, wanashinda na kichwa cha mtu mikononi na lazima wakisemeshe. Lakini Fundi alizoea kufanya kazi na cherehani, na cherehani haikuwahi kumshauri kitu.

Asubuhi ya kuhama mwenye nyumba alikuja akakagua kuta, akasema misumari yote ing'olewe na matundu yazibwe, la sivyo hawataelewana. Mume akachukua nyundo. Alipofika kwenye mlango aliuliza kama kifuko cha dawa akae nacho yeye, mfukoni. Fundi akamwambia hapana, mtu anayesahau shati lake kwenye tanuri akarudi na aproni hawezi kupewa roho ya mtoto. Akakichukua mwenyewe. Alikumbuka baadaye, na alikumbuka vizuri mno, uzito wake kwenye kiganja, na jinsi alivyokuwa anaelekea kwenye mkoba wake kukitia.

Ndipo dereva wa pikapu akapiga honi. Alitaka kujua cherehani inapanda safari ya kwanza au ya pili, na kama inapanda ya kwanza basi kitanda kibaki. Fundi akatoka mbio, wakabishana, akashinda yeye: cherehani inabaki na mume hadi safari ya pili, haibebwi na mtu mwingine. Aliporudi ndani, rundo la nguo lilikuwa linamsubiri juu ya pazia la kijani. Akapiga magoti, akavuta pembe, akatunga sindano.

"Wifi," akasikia juu ya kichwa chake, "ile dawa ya mtoto..."

"Dawa iko mahali pake. Nakuomba, wifi, usiniambie kitu sasa hivi. Nikikosea moja tu hapa nitakaa chini nilie."

Wifi akarudi kwenye glasi zake. Fundi akashona. Alishona kwa hasira ya mtu anayeogopa, na kila kilichokuwa karibu naye kikaingia: waya za kuchajia simu, vitana, viatu vya mvua, chochote. Furushi la kijani lilipokwisha akapata moyo kidogo, akaanza lingine.

Nyumba mpya ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Vyumba viwili, jiko, na madirisha makubwa yanayofunguka pande mbili, upepo unapita kama umealikwa. Kuta kavu. Siku walipokuja kuiangalia mara ya kwanza, Fundi aliweka shavu lake ukutani mbele ya dalali, hakujali atachekwa, akasikia ukavu wake, machozi yakamlengalenga. Leo alipanda ngazi hizo amemshika Bi Mkubwa mkono, na nyuma yake dereva na wifi wanahema na mafurushi. Mume alibaki kule na nyundo yake, na vitu vizito.

Mlango ulikuwa unajifunga kwa upepo kila mtu akiingia, mara mbili ukambamiza dereva kwenye kisigino, kwa hiyo Fundi aliusukuma hadi ukutani akauzuia kwa furushi la mablanketi. Kazi ikaenda. Kisha, katikati ya kupanda na kushuka, akasikia nyundo inagonga. Alikuwa ngazini na beseni kichwani, jasho linamchuruzika machoni. Akaingia akamkuta wifi anatoka nyuma ya mlango, nyundo ya dereva mkononi, anausukuma mlango urudi kwenye furushi lake.

"Wifi, njoo nikuonyeshe nili..."

"Vitu bado viko chini, wewe umeshaanza kupamba?" Fundi akasema. "Hata kitanda hakijapandishwa. Sitaki kuonyeshwa kitu."

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia, na dereva aliyekuwa anashusha mzigo alijifanya anakagua dari. Wifi aliweka nyundo chini taratibu. Baada ya hapo hakutoa ushauri tena ila mmoja, akiwa tayari mlangoni anarudi na gari kumsaidia kaka yake: hii sakafu ina vumbi la saruji, mafundi rangi hawakufagia, inyunyizwe maji kwanza kabla ya ufagio. Fundi akamjibu maji yenyewe hayajafunguliwa bombani. Gari likaondoka.

Ukweli usemwe: palikuwa na dumu la maji ya kunywa pale jikoni. Kiganja kimoja tu kingetosha. Lakini Fundi alitaka mtoto alale kwenye sakafu safi leo, alitaka kila kitu kiwe kimekwisha, na alitaka, tusifichane, kumwonyesha wifi kwamba kufagia hakuhitaji semina. Akakunja sketi, akafagia kavu. Vumbi jeupe likainuka hadi magotini, halafu hadi kiunoni. Bi Mkubwa alikuwa anaruka kutoka furushi hadi furushi, anatoa amri kwa watumishi wake wasioonekana, na kila akitua, nyuzi na vumbi la vitambaa vinaruka pamoja naye.

Fundi alikuwa amefika pembe ya dirisha aliposikia kikohozi. Kidogo, kikavu, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Mama yeyote mwingine asingegeuka. Yeye aliacha ufagio ukaanguka.

"Mama," akaita, "njoo hapa dirishani. Njoo kwa mama, taratibu."

Bi Mkubwa akaja. Hakuwa na maneno. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya pili, na ilimtisha Fundi kuliko kikohozi, kwa sababu mtoto huyu hata usingizini anaongea. Mabega yalikuwa yameanza kupanda. Ile filimbi nyembamba ilikuwa imeshaingia kifuani, inalia kila akitoa pumzi. Fundi akamkalisha wima juu ya furushi, akamfungua vifungo vya shingoni, akanyoosha mkono kwenye mkoba wake.

Akapapasa. Kitana, leso, tepu ya kupimia, funguo mpya. Akaumwaga mkoba wote sakafuni. Akaviangalia vitu vyake kama vya mtu mwingine.

Palepale akajiona asubuhi: kifuko mkononi, honi, pazia la kijani, sindano. Alikuwa amekishona. Kwa mkono wake mwenyewe, kwa uzi wa nailoni mara mbili, alikuwa ameishona pumzi ya mwanawe ndani ya furushi.

Furushi la kijani lilikuwa chini kabisa ya rundo. Akayavuta ya juu yakaporomoka, akalipata, akakumbuka wembe. Fundi cherehani hakosi wembe wa kufumulia, na wembe wake ulikuwa kwenye droo ya cherehani, na cherehani ilikuwa inakuja na safari ya pili kwa amri yake. Akajaribu kwa kucha, mshono ukakataa. Akajaribu kwa meno. Jamani, alikuwa ameshona vizuri. Aliwahi kujivunia mshono ule mbele ya watu, na sasa alikuwa ameupigia magoti anauuma, uzi unamkata mdomo, na nyuma yake mtoto anavuta hewa isiyoingia.

Akaacha, akashika simu. Namba ya mumewe haikupatikana. Bila shaka haikupatikana; simu yake ilikuwa imebakiza chaji kidogo tangu jana, na waya za kuchajia alizishona nani? Akampigia wifi. Ikaita. Akasema asante Mungu, na papo hapo akaisikia ikiita humohumo chumbani, sauti ya chini iliyofunikwa, inatoka tumboni mwa furushi la bluu karibu na mlango. Alibaki ameshika simu yake sikioni anaisikiliza ile nyingine inavyolia ndani ya shuka. Kama amemshonea wifi simu yake asijue, basi hakuna kitu ambacho hakuweza kukishona. Ikaita hadi ikakatika.

Kule walikotoka angejua la kufanya. Kule angepiga kelele dirishani na mtaa ungekuja; muuza dawa wa pembeni alimjua Bi Mkubwa kwa sauti, na njia ya kliniki Fundi angeipita amefumba macho. Hapa hakujua hata barabara ile iliyo chini inakwenda wapi. Alikuwa amemhamisha mtoto ili apate hewa, akamleta mahali ambapo hajui hata dawa inauzwa duka gani. Woga ule ulimpanda kama homa. Akatoka ngazini akagonga mlango wa jirani, akagonga kwa viganja vyote, na mama mmoja mwenye unga mikononi akafungua. Fundi akamwambia mtoto wake anaishiwa pumzi, anaomba kisu na anaomba gari. Yule mama hakuuliza yeye ni nani. Akampa kisu cha jikoni, akashuka ngazi pekupeku kutafuta gari.

Kisu kilikuwa butu, lakini kisu ni kisu. Fundi akalipasua furushi la kijani katikati, si kwenye mshono, kwenye kitambaa. Nguo zikafurika. Akazikung'uta moja moja, kisha zote kwa mpigo. Hakuna kifuko. Akapasua la bluu, simu ya wifi ikaanguka ikateleza sakafuni. Hakuna. Akapasua la maua. Kila alichokung'uta kilitoa vumbi, na alijua kila vumbi analolitoa linakwenda kwenye kifua kile, lakini angeachaje? Akapasua la sufuria, vifuniko vikabingirika hadi jikoni.

"Ma," Bi Mkubwa akasema. Nusu ya neno tu, basi.

Fundi akageuka. Mtoto ameinama mbele, mikono juu ya magoti, mbavu zinaingia ndani kila akivuta. Midomo imeanza kupoteza rangi. Alikuwa anamtazama mama yake bila kulia, kwa utulivu wa mtu mzima, anamsubiri. Alimwamini. Hilo ndilo lililomvunja Fundi. Akatupa kisu, akambeba, akaweka mgongo wa mtoto kwenye kifua chake ili angalau wavute pamoja, akaanza kuelekea mlangoni. Gari lipo, halipo, atakimbia. Atauliza watu njiani. Atamkimbiza hivyohivyo.

Ngazini kukasikika miguu mizito. Mumewe akatokea mlangoni na kichwa cha cherehani begani, kimefungwa kwenye gunia, anahema. Alikuwa anataka kusema jambo la kuchekesha, lilionekana mdomoni mwake. Kisha akamwona mtoto.

Hakuuliza. Aliishusha cherehani pale alipokuwa, akalipiga teke furushi la mablanketi likaenda kando, akauvuta mlango kuelekea kwake, akapeleka mkono wa kushoto nyuma yake, kimo cha bega, bila kutazama, macho yake yakiwa kwa mwanawe. Mkono ulirudi na kifuko chekundu cha maua.

Fundi hakuelewa alichokiona na hakukuwa na muda wa kuelewa. Akakaa sakafuni na mtoto mapajani. Baba akatikisa chupa, akaiunga kwenye kichupa cha plastiki cha kuvutia kilichokaa nayo kifukoni, akaiweka mdomoni. Vuta, mama. Shikilia. Toa. Tena, vuta. Maneno yaleyale ya siku zote, sauti ileile ya chini anayoitumia kwenye mkate unaoumuka, ambao husema ukipigiwa kelele utasinyaa. Filimbi iliendelea kulia. Wakarudia. Wakasubiri wote watatu, na Fundi akagundua kwamba na yeye alikuwa amezuia pumzi. Kisha mabega ya mtoto yakashuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo wa kwanza na bado kuna mingine. Yakashuka tena. Rangi ikarudi midomoni polepole.

Yule jirani akarudi akasema gari liko chini. Baba akamwambia ahsante sana, dada, amwombe dereva asubiri. Wangempeleka kliniki ya huku hata akitulia, wamwone na wamjue. Jirani akamgusa mtoto shavuni, akamwachia unga kidogo, akashuka kumwambia dereva.

"Ulijuaje?" Fundi akauliza.

"Kujua nini?"

"Kwamba iko pale."

Mumewe akautazama mkono wake, halafu mlango. Ndipo naye akashtuka. "Sikujua," akasema. "Nilisahau kama hapa si kule."

Wakautazama ukuta pamoja. Msumari mpya, umepigwa vizuri, upande wa kushoto, kimo cha bega la mtu mzima. Mlango ulikuwa umeufunika tangu ulipopigwa.

Wifi akafika na beseni la vyombo. Alisimama mlangoni akaona nguo zilizotapakaa, mashuka yaliyochanwa, kisu sakafuni, kifuko mkononi mwa kaka yake, akatua beseni. Uso wake wote ulikuwa unauliza na mdomo wake umefungwa. Alikuwa amejifunza leo kuufunga, na aliyemfunza alikuwa amekaa pale chini ana vumbi hadi kwenye kope.

"Wifi," Fundi akasema, "asubuhi ulitaka kuniambia nini?"

Wifi akamwangalia kaka yake kama anayeomba ruhusa.

"Ile dawa uliiweka juu ya nguo, ukatoka kwa dereva. Nikaona utaishona pamoja nazo, nikaitoa. Nilitaka kukwambia ninayo mimi. Ukasema iko mahali pake. Basi tulipofika nikaipigia msumari mahali pake, mkono usihangaike. Nikakuita uje uone."

Aibu ilimshika Fundi hadi masikioni. Aliyakumbuka maneno yake yote, moja moja, na sauti aliyoyasemea. Mwanawe angekata roho chumba kimoja na dawa yake, kwa sababu tu mama mtu hawezi kumwacha mwenzake amalize sentensi. Wala si kuta zenye ukungu, wala si mafundi rangi. Yeye. Akataka kuomba radhi, lakini alilia kwanza, hadharani, kama alivyoahidi asubuhi.

Alipopata sauti, akasogeza mablanketi pembeni yake akayapigapiga kwa kiganja, halafu akakumbuka vumbi akaacha.

"Nisamehe, wifi. Kaa hapa. Kila ulichotaka kusema tangu asubuhi, niambie. Chote."

Wifi akakaa. Akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa wazi anapima kama ni kweli au ni mambo ya huzuni tu yatakayopita.

"La kwanza," akasema mwishowe, "simu yangu siioni, na nadhani uliishona."

"Niliishona," Fundi akasema. Akaipapasa chini ya nguo akampa.

"La pili, sakafu umefagia kavu."

"Nimefagia kavu."

Mumewe alikuwa ameinuka na mtoto begani, tayari kwa safari ya kliniki, kifuko kimening'inia kwenye kidole chake. Bi Mkubwa akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba na imepasuka, lakini ilikuwa yake.

"Shangazi," akasema, akavuta pumzi kati ya neno na neno, "utaendelea kwenye gari. Mama anakusikiliza."

Wifi akamtazama Fundi. Fundi akasimama, akamshika mkono akamwinua, wakashuka ngazi pamoja nyuma ya baba na mtoto, na kabla hawajafika chini wifi alikuwa ameshaanza la tatu, kuhusu kabati. Fundi hakumkatiza.